Misuku ya Beata

Kunigunda Ndunguru alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuona aibu kusema hivyo. Kikombe kilichonywewa na mtu mwingine hakitii mdomoni mpaka akisugue kwa majivu yeye mwenyewe. Msibani hali, akishamwona mpishi amejikuna kichwa. Mtu akipenga kamasi karibu naye kanisani, anahama benchi, padri aendelee tu na misa yake. Majirani wa kile kitongoji cha juu, kule mteremko wa Kingerikiti unakoanza kulitazama ziwa, walimcheka miaka nenda rudi, naye aliwaacha wacheke.

Lakini mtu huyo huyo asiyeweza kunywa chai kwa jirani alikuwa radhi kuramba utomvu wa mti wowote porini. Anakwangua gome kwa panga, ananusa, anagusa kwa ncha ya ulimi, kisha anakwambia ni mti gani, unawaka vipi, moshi wake unawasha macho au hauwashi. Hakufundishwa na mtu darasani. Alizaliwa Mpepai, akaolewa huku na marehemu Ignatio, na miaka thelathini na kitu ya kutafuta kuni ndiyo iliyomsomesha.

Ndiyo maana mwezi wa sita, walipokuja wataalamu wa kuainisha misitu, mwenyekiti wa kijiji, mzee Placidi, hakuhangaika kutafuta mtambuzi wa miti. Alisema yupo mama mmoja, msumbufu kidogo, lakini pua yake haikosei.

Wataalamu walikuwa wawili. Mkubwa wao alikuwa Bwana Rodrick, mtu wa makamo, kitambi mbele, viatu vya porini vipya mpaka vinalia. Wa pili alikuwa Steven, baba wa watoto wawili, mpole, aliyebeba kamba, tepu na mfuko wa fomu. Kijiji kilikuwa kinapanga matumizi ya ardhi yake, na kampuni yao ilipewa kazi ya kuugawa mwitu wote aina kwa aina, kila aina iitwe kwa mti unaoitawala. Steven alimweleza Kunigunda utaratibu kwa upole. Mahali panachaguliwa kwenye ramani. Wakifika hapo wanapigilia kigingi, wanazungusha kamba ya mita kumi na tano, na kila mti ulio ndani ya duara wenye unene wa mkono wa mtu mzima unapimwa usawa wa kifua. Yeye anataja jina, Steven anaandika. Mwisho wanajumlisha. Penye miombo mingi pataandikwa msitu wa miombo, penye mininga mingi msitu wa mininga, na pasipokuwa na mti unaotawala pataandikwa vichaka tu. Kunigunda aliisifu kazi hiyo moyoni. Alijiambia, hatimaye wamekuja watu wanaotaka kujua.

Sifa hizo hazikudumu hata siku mbili. Yule Rodrick, jamani! Mtu na elimu yake, ananawa mikono ndani ya ndoo ya maji ya kunywa. Anakula samaki wa kopo, analamba vidole kimoja kimoja, kisha kopo analitupa chini ya mti aliotoka kuupima. Anatema mate popote, hata kwenye njia ya watu. Na kazi yenyewe aliifanya akiwa amekaa. Mahali palipochaguliwa kwenye ramani pakiwa mbali na barabara, panasogezwa. Penye miiba, panasogezwa. Kunigunda alimwangalia akila, akageukia upande wa pili, akamshukuru Mungu kwamba angalau Steven ana adabu ya kufuta mdomo.

Siku ya nne ramani iliwaelekeza kwenye bonde la kijito, na bonde lile lilikuwa limejaa upupu. Ukiutikisa mmea ule ukiwa mkavu, utajikuna mpaka jioni. Rodrick alisimama ukingoni, akachungulia, akasema yeye hakuzaliwa ili afe kwa kuwashwa. Jua lilikuwa kali. Wageni wanatweta, mashati yamelowa. Sasa Kunigunda, pamoja na kinyaa chake chote, alilelewa. Mgeni haachwi juani wakati kivuli kipo. Akawaambia waje wapumzike, shamba lake liko hatua mia mbili tu kutoka hapo, na lina misuku yenye kivuli kizuri kuliko vyote vya mteremko ule.

Alijipalia makaa kwa mkono wake mwenyewe, maskini, na kwa nia njema kabisa.

Shamba lile lilikuwa la mama mkwe wake, Beata. Beata alilifyeka akiwa bado msichana aliyeolewa juzi, akakata kila kitu isipokuwa misuku. Huku ndivyo watu walivyofanya tangu zamani. Ukifungua shamba, mti mwingine wowote unaangusha, lakini msuku unauruka, kwa sababu matunda yake ni ya mpita njia. Mwenye njaa anaokota masuku yaliyoanguka, hatikisi mti, haombi ruhusa, anatema mbegu na kuendelea na safari. Beata alichimba mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia maji ya mvua mteremkoni, kuizunguka misuku ile miaka arobaini, jembe lake likikwepa mizizi. Kabla hajafariki alimwita Kunigunda, akamkabidhi shamba mbele ya ukoo. Kisha Ignatio naye akafa, nguvu zikapungua, Kunigunda akaliacha lipumzike. Ikapita miaka kumi na moja. Mbegu zilizotemwa na wapita njia zikaota, misuku midogo ikasimama kati ya ile mikubwa, na pakawa kama msitu.

Mwezi wa tatu unaokuja alikusudia kulifungua tena. Hakuwa na pengine. Shamba la chini lilikuwa limechoka kabisa, mahindi yake yanatoka kama vidole, na maharage yaliyooza mwaka uliopita bado yalikuwa yanamuuma rohoni. Ardhi ya Beata ndiyo ilikuwa chakula chake kilichobaki hapa duniani, na alikuwa akihesabu miezi.

Basi wageni wakaketi kivulini, wakanywa maji. Rodrick akalala chali, kofia usoni. Alipoinuka alitazama juu, akatazama huku na huku, akasema hapa panafaa sana, hapana miiba, hapana upupu, tupige kigingi hapa hapa. Steven alimkumbusha kwamba mahali penyewe ni kule bondeni. Rodrick akamjibu kwamba ramani haiwashwi na upupu. Kigingi kikapigiliwa katikati ya misuku ya Beata.

Kunigunda alipita mti baada ya mti, na hapa ndipo panapomuuma mpaka leo: alifurahi. Ile ilikuwa miti ya nyumbani. Hakuhitaji kukwangua wala kunusa. Huu msuku. Huu msuku. Huu nao msuku. Alitaja kwa sauti ya mtu anayetambulisha watoto wake kwa mgeni. Duara lilikuwa na miti ishirini na minne, na kumi na tisa kati yake ilikuwa misuku. Tisa ilikuwa ile mikubwa ya Beata, iliyobaki ilizaliwa baadaye. Steven akajumlisha, akampa fomu aweke sahihi penye mstari wa mtambuzi wa miti. Kunigunda alijua kuandika jina lake, akaliandika lote, kwa herufi kubwa.

Mwezi wa tisa kijiji kikaitwa mkutanoni. Ramani ya rangi ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi, na Rodrick alisimama mbele yake na fimbo. Akaonyesha vichaka, akaonyesha miombo, kisha fimbo ikatua kwenye doa la kijani iliyokolea. Alisema huo ni msitu wa asili wa misuku, aina iliyo adimu katika kata nzima, na kwa hiyo utatengwa kuwa hifadhi ya kijiji. Hakuna kulima, hakuna kufyeka, hakuna kuchimba. Doa lile lilikuwa shamba la Kunigunda pamoja na la wifi yake Tadea, dada wa marehemu Ignatio, anayepakana naye.

Kunigunda alisimama kabla hajaruhusiwa. Alieleza kwa kirefu, na kwa heshima pia, maana palikuwa na wazee. Alisema ule si msitu, ni shamba lililolala. Misuku ile haikujipanda ikatawala, iliachwa na mtu, na mtu mwenyewe kaburi lake lipo pale kanisani. Alisema mti mwingine wowote usingekosa kuonekana pale kama jembe lisingeung'oa. Penye misuku mitupu namna ile, mtoto yeyote wa huku anajua kwamba palilimwa. Akamwomba Rodrick waende wote, afagie majani, amwonyeshe mashimo ya ngolo yaliyopangika chini kwa safu, maana hakuna msitu wa Mungu unaochimbwa ngolo.

Rodrick alimsikiliza huku akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Akaitazama ile njiti, akaifuta kwenye suruali, akairudisha mdomoni.

"Mama, fomu inauliza mti gani umetawala. Haiulizi nani aliuacha," alisema. "Na jina la mti umelitaja wewe. Sahihi hii si yako?"

Watu wakamgeukia Kunigunda. Fomu ilikuwa mkononi mwa Rodrick, na herufi zake kubwa zilionekana mpaka benchi la nyuma. Alisikia kichefuchefu cha kweli kikipanda kutoka tumboni. Safari hii hakikuwa cha Rodrick na njiti yake. Kilikuwa cha ule mkono wake ulioandika. Akakaa chini.

Baada ya mkutano mzee Placidi alimvuta pembeni. Huyu Placidi hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa kujitia hamnazo mambo yakiwa magumu, halafu anakuja kukunong'oneza baadaye ukutani. Alimwambia ramani ile ni rasimu. Kuna siku thelathini za pingamizi, na mwenye pingamizi shamba lake linapimwa upya. Hawaweki duara jipya, wanarudi kwenye kigingi kile kile, wanahesabu miti iliyosimama. Iliyosimama, alirudia, huku akitazama ziwa kwa mbali kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. Kunigunda alimwuliza ana maana gani. Placidi akasema yeye hana maana yoyote, akaenda zake.

Siku mbili Kunigunda hakula. Siku ya tatu alimwendea Tadea, kwa sababu misuku ile ilikuwa ya mama yake Tadea wa kumzaa, na jambo kama lile hulifanyi kimya kimya. Tadea alilia. Alisema mama yake alimchapa siku moja, akiwa mdogo, kwa kupanda msuku na kutikisa tawi. Akasema, wifi, tutaenda mbinguni tumwambie nini. Kunigunda akamwambia tu kwamba mwezi wa tatu hauko mbali na watu lazima wale. Tadea akasema kata, ila mimi usiniite.

Akakata peke yake. Shoka la Ignatio, kuanzia asubuhi mpaka jua linapokuwa kali, siku nne. Midogo ilianguka upesi. Ile tisa ya Beata ilikataa. Msuku ulioshiba miaka hauanguki kwa adabu. Unapasuka, unaegemea, unavunja tawi na kubaki umening'inia. Ilikuwa imebeba. Masuku mabichi, magumu, ya kijani, mamia kwa mamia, yalimwagika chini yakaviringika mpaka kwenye vile vishimo vya zamani na kujaa humo. Kufikia siku ya nne, yaliyotangulia kuanguka yalikuwa yameanza kuchacha, nzi wamejaa, nyigu wamejaa, harufu kali inashika kooni kama ya pombe iliyolala. Kunigunda alitapika mara mbili. Alijipangusa, akarudi kwenye shoka.

Nje ya duara misuku mingine ilibaki imesimama vile vile, kwa sababu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kukaa ndani ya mita kumi na tano za kigingi.

Walikuja kupima upya wiki ya pili ya Oktoba. Steven alimsalimu, shikamoo mama, kisha macho yake yakafika kwenye visiki, akainamia mfuko wake wa fomu. Visiki vilikuwa bado vinavuja. Kipofu angejua vimekatwa juzi. Rodrick alivitazama pia, akafunika pua kwa leso, akasema pananuka. Halafu, bila haya wala soni, akamwambia Steven azungushe kamba.

Ilibaki miti mitano: miombo miwili, mninga, mbura mmoja, na mti mmoja mwembamba ambao Kunigunda aliukwangua na kuunusa kama kawaida yake, maana waliomwita kutambua walimwita kutambua. Hakuna mti uliotawala. Steven aliandika. Rodrick akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema pingamizi limekubaliwa, hapa si msitu, doa lote ni eneo la kilimo. Akampa mkono kumpongeza.

Kunigunda hakuupokea ule mkono.

"Nilikwambia ni shamba mbele ya kijiji kizima, hukuamini," alisema. "Nimeua miti siku nne, sasa unaniamini."

Rodrick alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kuwahi gari, akasema ndiyo utaratibu. Steven alibaki nyuma kukunja kamba. Alikunja polepole mno kwa kamba fupi kama ile. Kunigunda hakumngoja. Aliwaona wote wawili ni wale wale. Tofauti yao ilikuwa kwamba mmoja anafuta mdomo.

Habari zilishuka na kupanda mteremko siku ile ile. Kufikia Jumapili watu walikuwa wanamshika mkono nje ya kanisa. Mama umewaweza. Mama umetukomboa. Mzee Placidi alimtaja kwa jina mbele ya watu, eti mfano wa kuigwa. Kunigunda alisimama pale akisikia sifa, na kila sifa ilimkaa mwilini kama jasho la mtu mwingine. Alikwenda nyumbani akaoga, akajisugua, akaoga tena.

Lakini watu walikuwa wameelewa vizuri sana. Nani ajuaye kigingi kingine kitapigiliwa kwa nani? Methodi, mwenye shamba la juu ya barabara, hakupata hata doa la kijani kwenye ramani, na bado alikata misuku yake yote mwezi huo huo, asije akaamkia hifadhini. Wakafuata wengine. Mashoka yalisikika mpaka Krismasi. Malori yalipanda kutoka Kihagara kuchukua kuni za kukaushia samaki, yakajaa. Wala hapakuwa na aliyelia. Walikata wakicheka, wakiitana, kama watu wanaookoa mavuno.

Mwezi wa tatu ukafika. Kunigunda alifyeka nyasi, akazilaza kwa miraba kama alivyofundishwa, akaanza kuchimba na kufunika. Ardhi ilikuwa nzuri, nyeusi, inatoka kwa jembe bila kubishana. Upande wa pili wa mpaka Tadea naye alikuwa amefungua lake. Kunigunda alimwona akisimama kila hatua kadhaa, anainama, anang'oa kitu, anakitupa nyuma ya bega. Akamsogelea kuangalia ni magugu gani yale yanayomsumbua hivyo.

Yalikuwa miche ya misuku, mingine haijafika hata urefu wa kidole. Tadea, aliyechapwa na mama yake kwa kutikisa tawi, alikuwa anang'oa mmoja baada ya mwingine bila kutazama, mdomo wake ukiimba wimbo wa kwaya. Alipomwona wifi yake alitabasamu. Alisema afadhali kuimaliza ikiwa bado haijaanza kuhesabiwa.

Kunigunda alifungua mdomo. Alitafuta la kumwambia, na yote aliyoyapata yalikuwa yameshasemwa na shoka lake. Akarudi kwake. Visiki tisa vya Beata vilikuwa vimechipua, machipukizi manene, mekundu kidogo kwenye ncha, kumi kumi kwa kila kisiki. Safu ya ngolo aliyokuwa akiichimba ilielekea moja kwa moja kwenye kisiki cha kwanza. Mama mkwe wake hapo angepinda.

Kunigunda aliinua jembe, akalishusha katikati ya machipukizi.